Riwaya ya mnyonya damu Nyanda za Juu Kusini: nimlaze wapi?

#1 Kipupwe
Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya ya kutisha, ya mnyonya damu, na nimekwama kwenye jambo moja tu: mahali. Sitaki "kijiji kimoja huko milimani". Nataka mtu wa Makambako akisoma aijue kona ninayoitaja.

Kilichonisukuma ni hiki. Mwezi wa saba mwaka jana nilipanda Matamba kutokea Chimala, ile barabara ya kona hamsini na saba. Jua lilishazama. Katikati ya mlima tukaingia kwenye ukungu, taa zikawa zinamulika ukuta mweupe. Konda akashuka, akawa anatembea ubavuni mwa gari, mkono mmoja kashika kioo cha pembeni, mwingine tochi ya simu, anamwambia dereva korongo liko wapi. Mara akatokea mzee wa koti refu jeusi anashuka, hana tochi, hana fimbo, anatembea katikati ya barabara kama mtu aliye sebuleni kwake. Konda akamwamkia. Hakuitikia. Tangu siku ile nina mhusika, sina nyumba ya kumlaza.

Nimefikiria Mufindi, Tukuyu na Tosamaganga. Swali la pili: awe mgeni au mwenyeji?

#2 Mnyalukolo
Kamwene. Mufindi, usihangaike. Kipupwe kikikaza, saa nne asubuhi bado ukungu umelala juu ya chai, unasikia wachumaji wanaongea huwaoni. Kuna nyumba za mameneja za enzi za ukoloni, za mawe, zenye dohani, zimezungukwa na mikaratusi. Halafu ukitoka hapo unaingia msitu wa Sao Hill, msitu wa kupandwa mkubwa kuliko yote nchini. Ingia kwenye misindano mchana wa jua kali: chini giza, hakuna majani, ndege kimya, unakanyaga sindano zilizokauka hata hatua yako mwenyewe huisikii. Nimekulia humo na bado sipendi kupita peke yangu.

#3 MwanaRungwe
Mnyalukolo anapigia debe kwao, tumemzoea. Mvua yenyewe mnaiona kwenye picha. Njoo Tukuyu, mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, nguo unaanika Jumatatu unaianua Alhamisi ina ukungu kwenye kola.

Mahali ni Masoko. Ziwa la kreta, duara kamili, maji yametulia. Juu yake boma la mawe la Wajerumani, ambalo baadaye likawa mahakama. Wazee wanasema Wajerumani walipokimbia vita ya kwanza walitupa hela na silaha ziwani. Mtu akikaa ukingoni jioni haulizi mnyonya damu anatoka wapi. Anatoka mle majini.

#4 Kijana wa Chunya
Kwa nini kila mtu anadhani hofu inahitaji baridi? Chunya ni joto na vumbi. Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa ilileta watu kutoka kila pembe. Walipoondoka yalibaki mashimo. Na mashimo yapo mpaka leo, mengine yamefunikwa na vichaka, ukitupa jiwe unahesabu. Mtu anayeogopa jua angeishi wapi pazuri zaidi? Ana giza saa ishirini na nne, na wachimbaji wageni wasiojulikana majina wanaingia na kutoka. Akipotea mmoja, wenzake wanasema kaenda rashi nyingine.

#5 Msomaji wa Usiku
Mleta mada, kabla hujachagua, kumbuka Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya mnyonya damu Dracula, hakuwahi kufika Transylvania, kule Romania alikoiweka ngome yake. Aliisoma kwenye vitabu. Alikofika kwa miguu yake ni Whitby, mji wa pwani Uingereza, alikokwenda mapumziko mwaka 1890. Kwenye maktaba ya pale ndimo alimokuta jina la Dracula, ndani ya kitabu kuhusu Wallachia na Moldavia. Na ile meli inayoingia bandarini na nahodha maiti ilitokana na meli ya kweli, Dmitry, iliyokwama pwani hiyo mwaka 1885. Riwaya ikatoka 1897. Ngome ya Transylvania inasisimua, lakini mimi nikisoma zile kurasa za Whitby ndiko ninakoshika blanketi, kwa sababu mwandishi aliziona zile ngazi za kanisani mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: mlaze ulikowahi kulala wewe.

#6 Kipupwe
#5 umenipa kitu. Mimi nimelala Matamba, Makete mjini na Njombe. Masoko nimepita mchana tu, nusu saa. #4 hoja ya mashimo naiweka akiba, sikuwa nimeiwaza kabisa.

#7 Reli ya Uhuru
Mkuu, ukishaingiza Whitby umeingiza meli, na huku hatuna bandari ya maana zaidi ya Itungi na Kiwira kule ziwani. Lakini tuna TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kilomita 1,860 Dar hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa 1970 hadi 1975. Kati ya Mlimba na Makambako reli inapanda milima, handaki baada ya handaki, na ukipanda Dar mchana, sehemu hiyo kwa kawaida unaipita usiku au alfajiri. Taa za behewa zikizimika ndani ya handaki ni giza la kushikika. Kuna mlio wa magurudumu unabadilika ukiingia, unakuwa kama uko masikioni mwako, halafu hewa inanuka moshi wa dizeli na mawe mabichi.

Mfikishe hivyo. Sanduku refu kwenye behewa la mizigo, karatasi za usafirishaji zimeandikwa vipuri. Treni inafika stesheni ya Mbeya, watu wamepungua behewa moja.

#8 Mwalimu wa Jiografia
Niongeze la kitaalamu. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya usiku mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote ni kama saa moja tu. Whitby iko nyuzi 54 kaskazini, mwezi Juni usiku una kama masaa saba. Mnyonya damu wa Ulaya hubanwa kiangazi. Wa kwetu ana masaa kumi na mawili kila siku ya Mungu, mwaka mzima, na mwezi wa sita na wa saba, baridi inapowafungia watu ndani mapema, ndipo usiku wake unapokuwa mrefu zaidi. Hilo litumie, libebe hadithi yako.

#9 Nesi Mstaafu
Wanangu, nimesoma yote na nataka kusema kwa upole. Mnacheza na jina lenye damu ya kweli.

Nilikuwa mtoa chanjo vijijini miaka mingi. Kuna kijiji tuliingia na gari jeupe, kina mama wakawaingiza watoto ndani, milango ikafungwa mmoja mmoja mpaka mwisho wa njia. Habari ilitutangulia kwamba tuna kasha la damu. Mzee mmoja akatoka peke yake, akaniambia, "Fungua." Nikafungua kasha la chanjo. Akaingiza kidole kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, akanusa, akapangusa kidole kwenye koti lake, kisha akaita jina la mjukuu wake kwa sauti. Ndipo milango ikafunguka. Angenusa vibaya siku ile, leo nisingeandika hapa.

Mumiani si hadithi ya kitandani kwetu. Mwaka 2016 watu watatu wa utafiti wa kilimo waliuawa na wanakijiji huko Iringa kwa kudhaniwa wanyonya damu. Mwaka 2017 Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, watu waliuawa kwa uvumi huohuo hadi Umoja wa Mataifa ukawahamisha watumishi wake. Ukitaja kijiji cha kweli kwenye kitabu, unajua nani atakisoma?

#10 Mnyalukolo
Shikamoo mama. Sahihisho moja muhimu ili mkoa wetu usibebe lisilo lake: kijiji kile kinaitwa Iringa Mvumi, na kipo Chamwino, Dodoma. Jina ndilo linalowachanganya watu. Lakini hoja yako ni nzito na naiheshimu.

#11 Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Asante kwa kunisahihisha. Ni Dodoma, kweli.

#12 Msomaji wa Usiku
Mama kanigusa, lakini nadhani hapo ndipo riwaya inapopata uzito. Neno mumiani lenyewe lilikuja na wafanyabiashara wa bahari. Ilikuwa dawa nyeusi kama lami, ya kuponya mifupa iliyovunjika, na watu wakaamini imetokana na damu ya binadamu. Enzi za mkoloni Afrika Mashariki uvumi ukawashika wazimamoto, magari yao mekundu, mipira yao. Mwanahistoria Luise White alitoa kitabu kizima kuhusu hayo mwaka 2000. Hoja yake, kwa nilivyomwelewa, ni kwamba watu walikuwa wanaeleza kwa lugha ya damu mambo ambayo kweli waliyaona: kazi, gari, dawa na mamlaka vinavyochukua bila kueleza.

Kwa hiyo mwenyeji au mgeni? Mumiani siku zote ni mtu wa ofisi. Ana gari, ana karatasi. Yule wa Ulaya ana ngome na cheo cha kuzaliwa. Ni viumbe wawili tofauti.

#13 MwanaRungwe
Sikubaliani kwamba mwenyeji hayupo. Sisi Wanyakyusa tunaye. Wazee wetu walisema mchawi ana chatu tumboni, usiku anatoka kwenda kula watu ndani kwa ndani na kunyonya maziwa ya ng'ombe, asubuhi mtu anaamka amechoka, ng'ombe kakauka. Na wapo abamanga, watu wenye nguvu hiyohiyo lakini wanailinda jamii, wanawaona wachawi usiku na kupigana nao. Monica Wilson na mumewe waliyaandika hayo walipokaa kwetu miaka ya 1930.

Halafu kuna Lubaga, msitu wa Lwembe, mtawala wetu wa kiimani. Hakuachwa afe kifo cha kawaida. Alipozidiwa, kabla pumzi haijakata, walimkata kucha na nywele, kwa sababu uhai wa shamba na mvua umo humo. Mleta uzi, una mtu ambaye nchi nzima inaogopa asife vibaya, wewe unakwenda kuazima wa Romania?

#14 Kijana wa Chunya
Hapo MwanaRungwe umetupiga sote. Ila Lwembe alikuwa anatoa uhai kwa nchi, mnyonya damu anachukua. Ukimgeuza utawaudhi wazee.

#15 MwanaRungwe
Simgeuzi. Nasema fikiria mtu aliyekosa kukatwa kucha. Alikufa ugenini, hakuna aliyekuwepo. Basi.

#16 Kipupwe
Nimesimama kwanza. #15 imenikalisha kitako.

#17 Mtu wa Ngozi
Mimi nipo karibu na Ziwa Ngozi. Huku kuna vibonde vya kuogopwa. Unakuta ndege wamekufa, panya wamekufa, wadudu, hawana jeraha hata moja. Watu wanasema ni mzimu wa pale unavuta pumzi. Weka hilo.

#18 Mwalimu wa Jiografia
Mtu wa Ngozi, unayoyaona ni ya kweli na sababu yake inajulikana. Eneo la Rungwe ni la volkano, hewa ukaa inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya mabondeni, hasa asubuhi pasipo na upepo. Mnyama mdogo akiinamisha kichwa mle anakosa oksijeni. Hewa hiyohiyo Rungwe inavunwa kwa biashara, inakwenda kwenye vinywaji. Watoto wasiruhusiwe kucheza kwenye vibonde hivyo.

#19 Mtu wa Ngozi
Asante mwalimu. Lakini babu yangu alijua kutopita pale asubuhi kabla hata hujaja na jina la hewa.

#20 Mwalimu wa Jiografia
Alijua, na alikuwa sahihi. Hilo silipingi.

#21 Mama Makete
Hewa imenikumbusha. Nilikuwa bweni, Makete, baridi ile ya barafu kwenye nyasi. Tukaingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga dirisha, tukaziba na khanga chini ya mlango. Usiku nikaamka, nasikia kitu kimenikalia kifuani, macho yapo wazi, mkono hauinuki. Namwona mwenzangu kitanda cha pili mdomo wake umekuwa mwekundu, nasema ndani ya moyo wangu, tayari amekuja. Aliyetuokoa ni mwenzetu aliyechelewa, aliyesukuma mlango na khanga ikatoka. Matroni alisema ni moshi wa mkaa usioonekana. Bibi yangu alisema ni jinamizi. Nimeishi na yote mawili mpaka leo.

Kipupwe, hicho chumba kiandike. Hakihitaji ngome.

#22 Nesi Mstaafu
Mwanangu pole sana. Na kwa wote mnaosoma mkiwa Makete na Njombe: jiko la mkaa libaki nje. Ule wekundu wa mdomo ni sumu ya kaboni monoksaidi kwenye damu. Ile siyo hewa ukaa ya mwalimu, ni nyingine, na inaua familia nzima zikiwa zimelala.

#23 Msomaji wa Usiku
Imenipita akilini: kwa nini usitumie fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe? Dracula ilitoka 1897, Mkwawa akajipiga risasi Mlambalasi 1898, kichwa kikapelekwa Ujerumani, kikatajwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles 1919, kikarudi Kalenga 1954. Miaka inakaribiana mno.

#24 Mnyalukolo
Hapana mkuu. Nasema kwa heshima lakini nasema hapana. Nilipelekwa Kalenga nikiwa darasa la tano, nikasimama mbele ya kile kioo, mwalimu wetu wa kiume alikuwa analia na hakujificha. Mtwa, yaani mtawala wetu, alipoteza kichwa chake kwa watu waliokifanya kitu cha makabati. Sisi tusikifanye kitu cha kabati la pili. Andika Gangilonga, lile jiwe linaloongea pale mjini. Andika nguzo za Isimila zilizochongwa na maji, ukipita jioni zina vivuli kama watu wamesimama foleni. Fuvu liache.

#25 Msomaji wa Usiku
Nimeelewa. Naliondoa pendekezo.

#26 Binti Kidugala
Hodi. Nimeona mnabishana mgeni au mwenyeji, na hakuna aliyetaja kwetu. Wakati wa vita ya pili, kuanzia 1942, Ifunda na Kidugala zilikuwa kambi za wakimbizi wa Kipolandi. Warusi waliwahamishia Siberia, wakatoka kupitia Iran, wakaletwa huku, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo. Misalaba, majina marefu yenye herufi ambazo babu alikuwa anashindwa kuzitamka, na mengine ni mafupi sana, ya watoto.

Hao walitoka nchi zenye hadithi hizi. Kwao mfu anayerudi anaitwa upiór. Kama unataka daraja la kweli kati ya Ulaya Mashariki na Njombe, halihitaji kutungwa.

#27 Reli ya Uhuru
Binti, hiyo ndiyo yenyewe! Mnyonya damu kaja na wakimbizi ndani ya meli, halafu...

#28 Binti Kidugala
Hapana, hapo ndipo ninapoogopa. Watu walikimbia wakaja wakafia kwetu, tusiwageuze kuwa maradhi tuliyoletewa. Nilichokuwa nawaza ni bibi mmoja kambini anayezijua dalili. Anakuja kijijini, hajui Kibena wala Kiswahili, anamwona mgonjwa wa kwanza, na ndiye peke yake anayetambua. Hana lugha ya kumwambia mtu. Anashika mkono wa mama wa Kibena na kuuweka shingoni mwa mtoto.

#29 Mama Makete
Nimesisimka mikono.

#30 Kijana wa Chunya
Na yeye mwenyewe, huyo wa koti jeusi, anabaki wa wapi?

#31 Binti Kidugala
Hilo mwachieni Kipupwe. Inawezekana alikuwepo kabla yao wote.

#32 Mnyalukolo
Turudi kwenye vitu vidogo, maana ndivyo vinavyofanya mtu aamini. Ulanzi, pombe ya mwanzi. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, unafungiwa kikombe cha mwanzi, maji yanadondoka usiku kucha. Mgema anarudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba kama karatasi, kwa sababu kidonda kikiachwa kinafunga na mwanzi unaacha kutoa. Haumalizi mwanzi. Anauacha hai. Nilimtazama mjomba wangu akifanya hivyo masika yote. Ukitaka kueleza mnyonya damu mwenye subira, ambaye kijiji kinamlisha miaka hamsini bila mtu kufa ghafla, huyo ni mgema.

#33 Msomaji wa Usiku
Mnyalukolo, hiyo ni sura nzima ya kitabu.

#34 Mwalimu wa Jiografia
Na kinga isiwe kitunguu saumu. Iwe pareto. Inalimwa Makete, Mufindi na Mbeya Vijijini, ua jeupe lenye moyo wa njano, na sumu yake inatumika kuulia mbu, yaani wanyonya damu halisi. Bibi yeyote wa huku akitundika shada la pareto mlangoni hakuna atakayeshangaa.

#35 MwanaRungwe
Kimondo cha Mbozi je? Chuma kutoka mbinguni, tani kama 16. Kuchomea moyo wake kwa chuma cha kimondo. Mbeya hatukosi silaha.

#36 Mtu wa Ngozi
Mbozi iko Songwe tangu 2016 ndugu yangu, sio Mbeya tena.

#37 MwanaRungwe
Ndaga fijo, asante sana. Moyo wangu bado haujahama.

#38 Kipupwe
Wakuu, asanteni. Niliko sasa: mwaka ni 1943, kambi ipo Kidugala, bibi yupo, mgema yupo. Kijiji chenyewe nitakipa jina la kutunga kwa ajili ya aliyoyasema mama #9, ila barabara, mvua na milima ni ya kweli. TAZARA inanikatalia kwa mwaka huo, inabidi niiache au niandike sehemu ya pili. Bado sijaamua alikufa wapi huyo mtu aliyekosa kukatwa kucha.

Swali moja dogo. Mnyonya damu wa Ulaya hawezi kuingia bila kukaribishwa. Kwetu kila mtu anapiga hodi na kila mtu anasema karibu. Hili nalifanyaje?

#39 Mama Makete
Bibi yangu alitufundisha: usiku ukisikia hodi au jina lako, usiitikie mara ya kwanza wala ya pili. Mtu wa kweli ataita ya tatu. Tulikuwa tunakaa kimya wote, tumeshikana chini ya blanketi, tunahesabu.

#40 MwanaRungwe
Kwetu Busokelo walituambia ya pili inatosha. Wa usiku anaita mara moja tu.

#41 Mama Makete
Hapana. Wa kwetu alikuwa anaita mara mbili.

#42 Mnyalukolo
Iringa tulikuwa hatuhesabu. Baba alikuwa anauliza, "Wewe nani, mtoto wa nani?" Asiyetaja baba yake hafunguliwi.